Kansiime, mcheshi asiyengoja kuandikiwa maneno

KATIKA kituo cha biashara cha Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, vijana hupenda kukusanyika jioni penye kibanda cha kuchaji simu. Siku niliyopita hapo walikuwa wanane, wameizunguka simu moja. Mwenye simu ni Mkongomani kutoka Kivu, aliyemwegemea begani ni Mrundi, na mlangoni alisimama kijana wa Kisomali ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Wote waliangua kicheko kwa wakati mmoja.

Aliyewachekesha alikuwa Anne Kansiime. Kwenye video hiyo alikuwa akizozana na mtu kwa Kiingereza kilichokolea lafudhi ya Kikiga, macho yamemtoka, mkono mmoja kiunoni. Nilimuuliza yule Msomali kama alielewa maneno. Akasema hapana, lakini ameelewa kwamba mwanamke huyo hatalipa.

Mama mmoja anayeuza dagaa kando ya kibanda hicho alidakia kwa Kiswahili cha kwao Kivu: "Ule mama haogopake mutu!" Yaani, yule mama haogopi mtu.

Wasomaji wengi wanamjua Kansiime kwa sura na sauti. Wachache wanajua alikotoka, na ninaona safari yake inafaa kusimuliwa hasa hapa magharibi mwa Uganda, kwa sababu ni mtoto wa huku. Alizaliwa Aprili 13, 1986, huko Mparo, eneo lililokuwa katika wilaya ya Kabale na sasa limo katika wilaya ya Rukiga. Kutoka Mbarara hadi mji wa Kabale ni kilomita zipatazo 140. Alisoma Shule ya Msingi ya Kabale, kisha shule ya wasichana ya Bweranyangi iliyoko Bushenyi, na baadaye akajiunga na Chuo Kikuu cha Makerere kusomea sayansi ya jamii.

Hakwenda Makerere kujifunza uigizaji. Jukwaa alilipata Kampala, katika kundi la Theatre Factory lililoanzishwa na Philip Luswata na ambalo lilikuwa likionyesha michezo yake katika Jumba la Kitaifa la Sanaa. Kundi hilo liliposambaratika, waigizaji wake waliunda jingine, Fun Factory, na Kansiime akawa miongoni mwao. Fun Factory walipanda jukwaani kila Alhamisi. Mtu anayewachekesha watu wale wale wa mjini wiki baada ya wiki hawezi kutegemea kichekesho cha wiki iliyopita. Anajifunza kuchota kitu kutoka kwa mwenzake, kutoka kwa mtazamaji aliyechelewa kuingia, hata kutoka kwa kiti kilichovunjika.

Hii ndiyo fani ya kuigiza papo kwa papo. Mwigizaji haandikiwi maneno. Anapewa hali tu, kisha yeye na mwenzake wanaijaza. Kanuni yake ya kwanza ni rahisi kuitaja na ngumu kuitekeleza: chochote mwenzako atakachokuletea, kikubali, halafu uongeze chako. Akisema wewe ni daktari, umeshakuwa daktari. Ukibisha, mchezo umekufa pale pale.

Wamarekani wameifanya fani hii kuwa ngazi ya kupandia. Tina Fey na Steve Carell, ambao sura zao zimefika hata kwenye vibanda vyetu vya video, walipitia jukwaa la Second City mjini Chicago, lililofunguliwa mwaka wa 1959. Lakini mizizi yake ni ya zamani kuliko hapo, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya nifikirie Kashojwa.

Katika miaka ya 1920, binti wa Chicago aliyeitwa Viola Spolin, mtoto wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi, alijifunza kazi na mwalimu Neva Boyd katika Hull House. Hiyo ilikuwa nyumba ya huduma kwa wahamiaji maskini, iliyofunguliwa mwaka wa 1889. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1930, Spolin aliajiriwa katika mradi wa serikali kufundisha maigizo watoto na watu wazima wa mitaa ya Chicago. Wengi wao walikuwa wahamiaji, kila mmoja na lugha ya nyumbani kwake. Huwezi kumpa mtoto asiyejua Kiingereza karatasi ya maneno akariri.

Spolin aliweka karatasi kando akabuni michezo. Mmoja wa michezo hiyo ni wa kuzungumza lugha isiyokuwepo, maneno ya kubuni tu, ili mwili na sauti vibebe maana yote. Mwingine ni wa kuomba watazamaji wenyewe watoe jambo la kuigizwa. Mwanawe, Paul Sills, ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Second City. Kwa hivyo kazi inayowaingizia nyota wa Hollywood mamilioni ya dola ilianza kama dawa ya watu waliokusanyika mahali pamoja bila lugha moja.

Na Nakivale je? Makazi haya yalitambuliwa rasmi mwaka wa 1960 na leo yana zaidi ya watu 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Kiswahili kinatuunganisha sokoni, lakini si wote wanaokijua, na kila taifa lina Kiswahili chake. Nimeshuhudia Mrundi na Mkongomani wakibishana bei ya maharagwe kwa nusu saa, kumbe wamekubaliana tangu mwanzo.

Kansiime, baada ya jukwaa, alifanya kazi katika MiniBuzz, kipindi cha runinga kilichorekodiwa ndani ya gari la abiria. Halafu akachukua hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyomtoa: alianza kuweka vichekesho vyake vifupi katika mtandao wa YouTube bila kungoja mwenye kituo cha televisheni amfungulie mlango. Kituo cha Citizen cha Nairobi kilimwita akiwa tayari ana watazamaji, na kipindi chake, Don't Mess with Kansiime, kikaingia majumbani Kenya. Kufikia mwisho wa 2014 video zake zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 15. Amejaza kumbi Kigali, Lusaka, Blantyre, Gaborone na London. Kando ya Ziwa Bunyonyi amejenga nyumba ya kupokea watalii.

Vipande vyake ni vifupi na hali zake ni za kila siku. Mara yeye ni mteja, mara ni mke, mara ni jirani mkorofi. Mtu mmoja anataka kitu, na Kansiime hatakitoa. Hapo ndipo ukaidi wake unapopanda daraja moja baada ya jingine, uso ukitangulia na maneno yakifuata. Banyankore wamewatania Wakiga miaka mingi kwamba ni watu wa milimani, wakavu, wasiojua kubembeleza. Yeye aliuchukua utani huo akauvaa kama gomesi, na waliokuwa wakiwacheka Wakiga wakajikuta wakimlipa Mkiga.

Ninadhani hiyo ndiyo sababu ya muuza dagaa kumpenda. Katika makazi haya mtu hutumia muda mwingi akiwa mpole: mpole kwenye foleni, mpole mbele ya mwenye orodha, mpole kwa mwenye shamba. Mwaka wa 2020 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi nchini Uganda kwa asilimia 30, na Februari 2021 punguzo likafika asilimia 40. Mama mwenye watoto watano hakuwa na pa kupigia kelele. Kumwona mwanamke mwingine akikataa, tena akishinda, si burudani ndogo.

Vijana wa Kashojwa nao wanajaribu. Nililitazama kundi la watu saba likifanya mazoezi nyuma ya kanisa la turubai. Hawakuwa na karatasi wala kipaza sauti. Msichana mmoja aliigiza karani anayetafuta jina kwenye orodha, na kila jina analotajiwa analisoma vingine. Mvulana aliyekuwa mzee mwenye njaa alikubali kila jina analoitwa, mwisho akawa na majina sita na bado hana kadi. Nilicheka hadi machozi, kisha nikaona wazee waliokuwa karibu hawakucheka hata kidogo. Mmoja alinieleza kwamba yeye ndiye yule mzee.

Sheria haiwafungi vijana hawa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka wa 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini. Kinachowafunga ni nauli ya kwenda Mbarara na lugha ya huko. Nilipofika mjini nilimuuliza mwenye baa moja inayoleta wachekeshaji mwishoni mwa wiki kama angewapa kundi hili nafasi. Hakukataa. Alisema wateja wake wanataka Kinyankole, na kwamba mchekeshaji anayeanza halipwi, anapewa soda na kukusanya tuzo za watazamaji.

Niliwapelekea majibu hayo. Walihesabu nauli ya watu saba kwenda na kurudi, wakaona haiwezekani, wakahesabu ya wawili. Yule msichana wa orodha amesoma shule na watoto wa Banyankore, kwa hiyo Kinyankole anakijua. Sasa anamfundisha yule mzee wa majina sita, na wameanza na namna ya kusalimia.