Bima ya Afya: Usharika Nao ni Mwajiri

Mtumishi wa usharika anapougua, mara nyingi tunapitisha mchango ibadani. Ni tendo la upendo, lakini homa ya mtoto haisubiri Jumapili.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Mchango uliwekwa asilimia 6 ya mshahara: nusu mwajiri, nusu mwajiriwa. Kwa hesabu hiyo, penye mshahara wa shilingi 200,000 kila upande hutoa 6,000 kwa mwezi. Walionufaika ni mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Hivyo ajira moja iliweza kuwakinga watu sita.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023, inawagusa pia waajiri wa sekta binafsi. Tunaziomba kamati za sharika ziwakumbuke wainjilisti, walinzi na walimu wa chekechea kwa kutenga fungu la bima katika bajeti. Wafadhili wanaolipia mishahara ya miradi nao waruhusu sehemu ya mwajiri iingizwe humo. Mchango wa ibadani tuwaachie wasio na ajira.