Mtoto Aliyempiga Mwalimu Teke

Yuko mtoto mmoja wa miaka 8 ambaye habari yake yafaa ijulikane na kila mwenye mtoto shuleni. Alitoka shamba, katika jimbo la North Carolina huko Marekani, akahamia mji wa New Haven. Siku ya kwanza aliletwa na mtu wa nyumbani aliyekuwa akiwahi kazini. Mwalimu naye alikuwa amekwisha choshwa na wageni wa juma lile, hakumchangamkia. Mtoto akaingiwa na hofu, akampiga mwalimu teke, akatoka mbio.

Mtoto wa namna hiyo sote twajua atakayopata: fimbo, na jina la ukorofi litakalomfuata mpaka amalize shule. Lakini katika shule ile walimu waliketi pamoja na waganga wa nyoyo za watoto kutoka Chuo Kikuu cha Yale, wakajiuliza mtoto huyu aliona nini alipoingia mlangoni. Wakatambua kwamba amepoteza watu wote aliowazoea, naye amewekwa katikati ya nyuso ngeni. Nani asingekimbia? Basi wakaweka utaratibu wa kumkaribisha kila mwanafunzi mgeni.

Kazi hiyo aliianzisha Dakta James Comer mwaka 1968, katika shule mbili za watoto wadogo. Yeye mwenyewe ni Mmarekani Mweusi, na mama yake alisoma kidogo sana. Watoto wa shule hizo karibu wote walikuwa Weusi wa jamaa maskini, na mwaka 1969 katika mitihani zilikuwa za 32 na 33, kati ya shule 33 za mji.

Wazazi waliitwa kuketi na walimu katika baraza moja. Sharti lao moja lanipendeza kupita yote: hapana kutafuta wa kulaumiwa. Mzazi asiseme ni mwalimu, wala mwalimu asiseme ni nyumbani. Waulizane tu la kufanya. (Mikutano yetu ya shule ingekuwa mifupi sana kwa sharti hilo!) Kadhalika mwalimu alikaa na darasa lake miaka 2, maana mtoto hujifunza kwa mtu anayemwamini. Wako walioonekana wazito mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili wakapata masomo ya miaka miwili.

Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini mwaka 1984 watoto wa darasa la nne walikuwa wa tatu na wa nne katika mji, na umaskini wa nyumbani kwao ulikuwa ule ule.

Mtoto wako aanzapo darasa la kwanza, usimwache langoni. Mfikishe kwa mwalimu, umtaje jina, useme anapenda nini na anaogopa nini, na uombe aketi karibu na mtoto aliyekwisha kuizoea shule.