Udongo wa Likasi unahitaji wasomi wake

Tangu enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, udongo wa Likasi umeulizwa swali moja: una shaba na kobalti kiasi gani? Baadaye likaja la sumu. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno kwenye mkojo. Swali la tatu bado linasubiri wenyewe: ndani ya udongo huo mnaishi vijidudu gani, na vinafanya nini? Kijana wa Likasi, awe wa Panda au Kikula, atakayelisomea hilo atakuwa amechagua kazi yenye manufaa kwa mji wake.

Wapo watakaosema shaba huua vijidudu, basi ardhi yetu imejisafisha. Ni kweli bakteria hufa juu ya bamba la shaba. Lakini udongoni shaba hushikwa na mfinyanzi na mboji, na bakteria wengine huizoea. Mwaka 1976, kwenye tope la kiwanda cha zinki huko Engis, Ubelgiji, alipatikana bakteria aitwaye leo Cupriavidus metallidurans, mwenye jeni za kusukuma kobalti, zinki na kadmiamu nje ya seli. Jeni za namna hiyo mara nyingi huandamana na zile za usugu dhidi ya antibiotiki, hivyo metali yaweza kuulea usugu hata pasipotumika dawa. Tena kipindupindu kiliikumba Likasi mwaka 2008, na shaba haikukizuia.

Pingamizi zito zaidi ni la ajira: msomi wa vijidudu atafanya kazi wapi? Jibu liko Kasese, Uganda, ambako kuanzia 1999 bakteria walitumiwa kuvunja pairiti iliyoachwa na mgodi wa shaba wa Kilembe ili kobalti itoke. Kazi ile ilikoma akiba ya pairiti ilipokwisha. Katanga nako, mawe ya juu huyeyuka kwa asidi, lakini chini yake kuna salfaidi, madini ya jamii ya pairiti, na hapo ndipo bakteria hao wanapofaa. Kuhusu gharama, maabara yaweza kuanza na hadubini, sahani za kuoteshea na kabati la joto. Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Sehemu ndogo ya fungu hilo ingetosha kuwasomesha wataalamu wa kwanza.