Dawa ya Pamba: Pimeni Bomba Kwanza

Msimu wa pamba ukifika, kuna watu wengi hapa Mukuru kwa Njenga wanaotuma pesa nyumbani za kununua dawa. Zinaenda Busia, Homa Bay, Kitui, Makueni. Ni pesa za kibarua, tena za kujinyima, na sehemu yake humwagika chini bure.

Hasara huanzia kwenye bomba la mgongoni. Wengi wetu hukadiria tu: kifuniko kimoja kwa kila bomba, basi. Kikundi chenu kijaribu hivi, kwa maji matupu bila dawa. Pimeni kipande cha shamba, mita 10 kwa 10. Mmoja wenu anyunyize kwa mwendo wake wa kila siku, kisha mpime ni lita ngapi zimetumika. Tuseme ni 5. Ekari ni kama vipande 40 vya namna hiyo, kwa hivyo itakunywa lita 200, yaani mabomba 10 ya lita 20. Sasa chukueni kipimo cha ekari kilichoandikwa kwenye lebo, mkigawe kwa 10. Hicho ndicho cha kila bomba.

Lakini kile kitundu cha mdomo wa bomba hulika. Kikipanuka, kipande kile kile chaweza kumaliza lita 7, na ekari mabomba 14. Mkizidi kutia kipimo cha zamani, dawa ya mabomba 4 imepotea. Mdomo mpya ni bei ndogo kuliko chupa ya dawa, lakini nani huununua? Sisi hulaumu dawa.

Halafu, je, wiki hii kuna haja ya kunyunyiza? Msifuate kalenda tu. Ingieni katikati ya shamba, mgeuze majani, mhesabu funza wa vitumba na vidukari. Afisa wa kilimo atawaeleza wakifika wangapi ndipo dawa inalipa. Kunyunyiza ovyo huua pia buibui na wadudu wengine wanaokula vidukari, na hapo vidukari huzidi.

Mbegu ya Bt, iliyokubaliwa na serikali Desemba 2019, hujikinga na funza wa vitumba, vidukari haiwazuii. Kinga hiyo mmeshailipia kwenye bei ya mbegu. Kununua tena dawa ya funza bila kukagua ni kulipa mara mbili.

Na ile dawa inayouzwa kwa chupa ya soda? Hapo hesabu haifanyiki, maana hakuna lebo ya kusoma. Anayetuma pesa atume za chupa iliyofungwa, hata kama ni ile ndogo.