Linux Inapokataa Kukaa Katika Kompyuta Kuukuu

Soko la Kiboriloni, pembezoni mwa mji wa Moshi, lajulikana mbali kwa nguo za mitumba. Mnunuzi hapo huikagua nguo mshono kwa mshono kabla ya kutoa fedha yake. Kompyuta iliyokwisha kutumika haikaguliki kwa wepesi huo. Mwenye kibanda cha kuchapa barua atiaye mtaji wake katika mashine ya miaka 15 au 20, kisha akajaribu kuiwekea Linux na kuambulia kioo cheusi, aghalabu huambiwa na jirani kwamba mashine imekufa. Hukumu hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno.

Linux ni kiini cha mfumo endeshi kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Husemwa kwamba yaweza kukaa katika mashine yoyote, hata iwe kuukuu namna gani. Usemi huo ni nusu ya kweli, kwani matoleo mapya huziacha nyuma mashine za zamani, kama basi liachavyo vituo lilivyokuwa likisimama.

Hapana budi kwanza kutazama mashine imekwamia wapi. Ikiwa flashi haisomwi kabisa, yamkini programu ya awali iliyomo katika ubao mkuu ni ya kale, haijui kuanzia kwenye flashi. Mashine hiyo itafaa kuanzishwa kwa CD au DVD. Ikiwa maandishi yatokea kusema kwamba kiini chadai prosesa ya x86-64, basi hakuna kilichoharibika: toleo lililoletwa ni la biti 64, na prosesa ni ya biti 32. Anwani ya biti 32 yaweza kutaja baiti 4,294,967,296 tu, yaani gigabaiti 4, nayo ndiyo sababu kubwa ya watengenezaji kuhamia biti 64. Ubuntu iliacha kutoa diski za mezani za biti 32 mwaka 2017. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ingali na kisimikio cha mashine hizo. Debian 13, ya Agosti 2025, haina. Fundi mwenye mashine ya namna hii na atafute Debian 12.

Kuna kisa cha ajabu kidogo. Baadhi ya prosesa za Pentium M za mwaka 2003 zina uwezo uitwao PAE, wa kufikia kumbukumbu kubwa zaidi, lakini hazijitangazi kuwa nao, mithili ya mwombaji kazi aliyesahau kuandika ujuzi wake katika barua. Matoleo yadaiyo PAE huzikataa. Neno forcepae likiongezwa katika mstari wa kuanzishia, mengi huzikubali.

Kosa lipotezalo fedha nyingi pengine ni la betri. Katika ubao mkuu mna betri ya duara ya volti 3, aghalabu CR2032, itunzayo saa mashine inapozimwa. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kisimikio huchukua orodha za programu kutoka mtandaoni, nazo zimetiwa tarehe na saini. Mashine iaminiyo kwamba ni mwaka 2005 huona orodha iliyotiwa saini mwaka 2024, nayo hujibu kwamba faili hiyo bado haijaanza kuwa halali. Fundi asiyejua hulaumu mtandao na kununua vifurushi siku nzima. Dawa ni betri mpya, au kurekebisha tarehe kwa mkono kabla ya kuendelea.

Kioo kikiwa cheusi baada ya kuanza vyema, neno nomodeset huzuia kiini kuishughulikia kadi ya picha kwa njia yake ya kisasa, na mara nyingi maandishi hurudi.

Mashine ikikwama mahali pale pale kila mara, shaka iende kwenye diski au kwenye nakala yenyewe ya kisimikio, ambayo hupimwa kwa kulinganisha namba ya sha256 na ile iliyotangazwa na watoaji. Ikikwama mahali tofauti kila mara, yafaa kushuku kumbukumbu au joto. Memtest86+ iachwe ikizunguka usiku kucha, umeme ukiruhusu. Feni nayo ifunguliwe: vumbi la kiangazi na nyuzi za nguo hufanya utando mzito uzuiao hewa, hata prosesa ikajizima yenyewe.

Lakini kabla ya kukubali swali la kufuta diski yote, ikumbukwe kwamba huenda barua na hesabu za wateja zimo humo. Linux iendeshwayo kutoka kwenye CD au flashi, pasipo kusimikwa, yaweza kuzisoma, na amri ya smartctl huonyesha idadi ya sekta zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu. Idadi hiyo ikiongezeka kati ya jana na leo, diski hunakiliwa kwanza, kisha hutolewa.