Ukungu wa Kioo cha Nyuma

Nyakati za masika, ukungu huziba vioo vya magari yatokayo Kilosa kwenda Mikumi. Katika Hifadhi ya Mikumi, ambako tembo na twiga huvuka barabara kuu, afungaye breki ghafla pasi na kuliona lori la nyuma huhatarisha familia nzima.

Kwa gari kuukuu twashauri haya. Kagua fyuzi, kisha viungio vya nyaya kandoni mwa kioo. Vikiwa vizima, washa swichi, upitishe kipimo cha volti juu ya kila mstari. Umeme hupungua taratibu kutoka volti 12 hadi sifuri. Ukitoweka ghafla, hapo ndipo palipokatika. Zima swichi, pakae rangi ya fedha ipitishayo umeme. Wembe usiguse mistari hiyo, hata wakati wa kubandua tinti.