Nondo wa Viazi

Nondo wa viazi, ambaye jina lake la kisayansi ni Phthorimaea operculella, ni mdudu wa kijivu chenye ukahawia. Akitandaza mabawa hafiki hata sentimita 2. Mabawa ya mbele ni membamba, yenye madoa meusi. Jike anapoyakunja, madoa hayo hukutana mgongoni yakafanana na herufi X. Ya nyuma yana matamvua ya nywele ndefu. Mchana hujibanza chini ya majani, na jua likizama huruka.

Asili yake ni Amerika Kusini, kwao kiazi chenyewe. Zeller, mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, alimpa jina mwaka 1873. Leo yumo pia katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kati.

Jike hutaga mayai mia moja na zaidi upande wa chini wa majani au, akikuta kiazi kiko wazi, kwenye macho yake. Penye joto huanguliwa baada ya siku 5 hivi.

Mharibifu hasa ni kiwavi. Akiwa kwenye jani, hula nyama yake na kuacha ngozi ya juu na ya chini, nyembamba hata mwanga hupenya. Shina likinyauka, hushuka kwenye nyufa za udongo akitafuta kiazi. Huingilia jichoni, akachimba njia anayoitandika hariri, huku akisukumia nje kinyesi cheusi. Kirundo hicho kidogo mlangoni mwa tundu ndicho cha kutafuta wakati wa kuchambua viazi, kwani kwingine ngozi bado ni nzima. Uozo huja baadaye, nao humaliza kilichobaki.

Akikomaa, kiwavi ana urefu wa milimita 12 hivi. Hutoka, akafuma kifuko kwenye takataka, nyufa za ukuta au magunia, akageuka pupa humo. Nondo anayetoka huishi wiki moja au mbili.

Baridi humchelewesha: joto likishuka karibu na nyuzi 10, ukuaji karibu husimama. Kwa hiyo katika milima kama ya Nyamitaba, huko Masisi, kizazi kimoja huchukua muda mrefu kuliko mabondeni. Ghala lenye joto huiondoa kinga hiyo, na vizazi hufuatana humo bila kungoja msimu. Shambani, dawa nzuri ni udongo wenyewe: matuta yakiinuliwa vizuri na nyufa zikafukiwa, kiwavi hafikii kiazi. Viazi vilivyochimbwa navyo visilale shambani, maana jike hutaga usiku.